Sikio la Seli

 Najua kuna aliyerudi shambani sasa hivi, kuna aliye jikoni na redio iko juu ya kabati, na kuna aliye njiani amebana simu sikioni. Popote ulipo, nakuomba unipe muda wako kidogo. Jioni hii nataka tuliangalie neno moja ambalo siku hizi limekuwa jibu la kila swali linalohusu mwili wa mwanamke. Hedhi ikichelewa, tunaambiwa ni homoni. Ikija kwa wingi, homoni. Mimba isiposhika, homoni. Chunusi, unene, hasira za ghafla, kukosa usingizi: homoni, homoni, homoni. Na jibu hilo likishatolewa, kinachofuata ni kipimo cha damu, au kopo la unga wa kusawazisha homoni, au vyote viwili. Sasa, mimi sisemi kwamba homoni hazihusiki. Ninachosema, na nitakirudia mpaka mwisho wa mazungumzo haya, ni kwamba homoni peke yake haifanyi kitu. Homoni husema, na tishu inayosikia ndiyo inayoamua. Kwa hiyo ukiuliza tu kama homoni ni nyingi au ni chache, umeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: nani anaisikia, na akishaisikia anafanya nini?

Chukua mfano ulio mbele yako. Matangazo haya unayoyasikia yamejaa chumba kizima. Mawimbi yake yanapita kwenye sufuria, kwenye kochi, kwenye mtungi wa gesi, hata mwilini mwako. Sufuria haijasikia hata neno moja. Redio imesikia, kwa sababu ndani yake kuna kifaa cha kunasa, na kifaa hicho kimewekwa kwenye stesheni hii, si nyingine. Homoni nazo ndivyo zilivyo. Ovari huimwaga estrojeni kwenye damu, na damu huizungusha kila mahali. Hakuna mfereji maalumu unaotoka kwenye ovari kwenda kwenye mji wa mimba pekee. Basi kwa nini mji wa mimba unene kwa estrojeni na misuli ya paja, iliyooshwa na damu ileile, isinene vivyo hivyo? Ni kwa sababu seli za mji wa mimba zimejaa protini maalumu ya kuinasa homoni hiyo. Wataalamu huiita kipokezi. Sisi jioni hii tutaiita sikio la seli.

Haya, tuanze na ushahidi wa kwanza. Twende Chicago, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati ule wanasayansi wengi walidhani kwamba estrojeni huingia kwenye seli ikachakatwa na vimeng'enya, na kwamba kazi yake hutokana na kuchakatwa huko, kama moto unavyotokana na kuungua kwa kuni. Mkemia mmoja, Elwood Jensen, na mwenzake Herbert Jacobson, wakaamua kuifuata homoni hiyo njia nzima waone inaishia wapi. Waliitia alama kwa haidrojeni yenye mnururisho, wakawadunga panya majike wasiopevuka kiasi kidogo sana, kisha wakapima kiungo kimoja baada ya kingine. Misuli iliipata homoni ikaiachia. Ini na figo viliipata vikaipitisha. Lakini mji wa mimba na uke viliing'ang'ania kwa saa kadhaa. Na la kushangaza zaidi, homoni iliyokutwa ndani ya mji wa mimba ilikuwa vilevile ilivyoingia, haijabadilika hata chembe. Kuni hazikuungua! Mji wa mimba ulikuwa umeishika estrojeni kama mtu anavyolishika neno aliloambiwa. Jensen alipokwenda Vienna mwaka 1958 kuyaeleza hayo katika mkutano mkubwa wa wanabiokemia, waliokaa kumsikiliza walihesabika kwa vidole. Mwaka 2004, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alipewa tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa kabisa za utabibu duniani, pamoja na Pierre Chambon na Ronald Evans, kwa kazi hiyohiyo ya kuyatafuta na kuyaeleza masikio ya seli.

Tuingie sasa ndani ya seli yenyewe, na hapa nenda nami polepole. Estrojeni ni ya jamii ya mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Inafika kwenye kiini, mahali jeni zinapohifadhiwa, na huko inakutana na kipokezi chake. Ikishashikwa, kipokezi hubadilika umbo, huungana na mwenzake, na wawili hao hukaa juu ya jeni fulani. Halafu huita protini nyingine za kusaidia. Ziko zinazochochea na ziko zinazozuia, na idadi ya kila kundi hutofautiana kati ya tishu na tishu. Wachochezi wakiwa wengi, jeni hufunguliwa, maagizo yake husomwa, na protini mpya hutengenezwa. Kazi ya homoni tunayoiona kwa macho, ukuta wa mji wa mimba kunenepa au titi kukua, ni kazi ya protini hizo mpya. Na moja kati ya protini ambazo estrojeni huamrisha zitengenezwe ni sikio jingine, yaani kipokezi cha projesteroni. Hapa mfano wetu wa redio unaishiwa nguvu, maana hakuna redio ambayo taarifa ya habari ya asubuhi inaweza kuifungia kifaa cha kunasa matangazo ya jioni. Seli ya mji wa mimba hufanyiwa hivyo kila mwezi. Katika siku za kwanza baada ya hedhi, estrojeni huujenga ukuta wa ndani na kuuotesha masikio ya projesteroni. Yai likishatoka, projesteroni hupanda, hukuta masikio yamekwisha kuandaliwa, huutuliza ukuta ule na kuutayarisha kwa mimba. Kisha projesteroni hiyohiyo huyapunguza masikio ya estrojeni na hata masikio yake yenyewe. Mmoja hufungua mlango, mwingine huingia na kuufunga.

Mpangilio huo unajibu swali ambalo kina mama wengi huuliza katika kliniki za uzazi wa mpango. Mwanamke anachoma sindano ya miezi mitatu, hedhi inapotea, na jirani anamwambia: damu hiyo inajikusanya tumboni, itakuletea uvimbe. Je, damu inakwenda wapi? Haiendi popote, kwa sababu haikuwepo. Sindano ile ina homoni ya jamii ya projesteroni. Huzuia yai kutoka, estrojeni ya ovari hubaki chini, na ukuta wa mji wa mimba, ukisikia sauti moja tu miezi mitatu mfululizo, haupati amri ya kujijenga. Ukuta usiojengwa hauna cha kubomoka. Jirani alidhani ni bomba lililozibwa, kumbe ni nyumba ambayo mwezi ule haikujengwa.

Sasa mtu anaweza kuniambia: sawa, masikio yapo, lakini je, homoni ikiwa nyingi vya kutosha si italazimisha kusikika? Swali zuri, na linajibiwa na ushahidi wa pili. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha habari za binti wa miaka 18 ambaye hakuwa amevunja ungo. Matiti hayakuota, mji wa mimba ulikuwa mdogo, na ovari zilikuwa zimejaa vifuko vya maji. Ungetegemea nini kwenye damu yake? Bila shaka upungufu wa estrojeni. Kinyume chake, estrojeni ilikuwa juu mno kupita kiwango cha kawaida. Na hata alipopewa nyingine zaidi kama dawa, mwili haukujibu. Tatizo lilikuwa kwenye jeni inayotengeneza kipokezi cha estrojeni. Kosa dogo mle lilikuwa limekifanya kisiweze kuishika homoni ipasavyo. Tena kosa hilo ndilo lililoipandisha homoni. Ubongo, ambao nao husikiliza estrojeni ili ujue lini imetosha, haukusikia kwamba imetosha, ukaendelea kuzisukuma ovari zitoe nyingine. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakimsema mtu mkaidi, lakini hata mwanabiolojia angeweza kuisaini methali hiyo.

Utasema, huyo ni mmoja, na ugonjwa wake ni wa nadra. Kweli kabisa. Basi tuchukue jambo linalotokea kila siku, kila saa, katika kila wodi ya wazazi: uchungu wa kujifungua. Huu ni ushahidi wa tatu, na kwangu mimi ndio mtamu kuliko yote. Katika miezi yote ya ujauzito, projesteroni huuambia mji wa mimba utulie. Kwa kondoo, siku ya kuzaa ikikaribia, projesteroni kwenye damu hushuka, na uchungu huanza. Ni rahisi kuelewa: aliyekuwa anatuliza amenyamaza. Wanasayansi walitazamia kuona hivyohivyo kwa binadamu. Hawakuona. Kwa mwanamke, projesteroni hubaki juu mpaka kondo la nyuma litoke. Uchungu unaanza, njia inafunguka, mtoto anatoka, na muda wote huo sauti ya kutuliza ingali inapazwa kwenye damu! Imekuwaje basi? Maelezo yenye nguvu yapo kwenye masikio. Kipokezi cha projesteroni kina sura mbili, A na B. Kwenye msuli wa mji wa mimba, B ndiye anayepokea amri ya kutulia, na uchungu ukikaribia A huongezeka na kumzima mwenzake. Sauti haikupungua, sikio ndilo lililogeuka.

Na si hilo tu. Wakati sikio la kutulia linageuka, masikio ya oksitosini, homoni inayokaza msuli wa mji wa mimba, huongezeka kwa wingi mno kadiri mimba inavyokomaa. Ndiyo maana dozi ya oksitosini inayoamsha uchungu katika mwezi wa tisa inaweza isifanye lolote la maana katika mwezi wa tano. Dawa ni ileile, damu ni ya mama yuleyule, tofauti ni idadi ya masikio. Wakati huohuo seli za msuli hutengeneza kwa wingi protini iitwayo koneksini 43, ambayo hujenga vijia vidogo kati ya seli na jirani yake. Kabla ya hapo kila seli ilikuwa ikijikaza kivyake, kama watu wanaovuta kamba bila kuitikiana. Vijia vikishajengwa, umeme wa seli moja hupita kwa nyingine na mji mzima wa mimba hukaza kwa pamoja. Mkunga mzoefu anajua, hata kama hatumii maneno haya. Akimwekea mama dripu ya uchungu, huanza na matone machache, huhesabu, huweka mkono juu ya tumbo, husubiri, ndipo aongeze. Hafungulii dripu yote kwa mara moja, kwa sababu hajui bado masikio ni mangapi. Anajua pia kwamba oksitosini ikimiminwa muda mrefu mno, masikio huchoka na kupungua, na mji wa mimba uliochoka unaweza kushindwa kukaza baada ya mtoto kutoka, damu ikamwagika.

Naomba nipumzike kidogo hapa, nikumbushe tulikotoka. Tumesema homoni husambaa mwili mzima, lakini tishu yenye kipokezi ndiyo inayosikia. Tumesema kipokezi kikiharibika, homoni hata ikijaa tele haifui dafu. Na tumesema tishu ileile inaweza kubadilisha masikio yake kadiri siku zinavyokwenda, na jibu lake likabadilika hata kama homoni haijabadilika. Sasa twende kwenye sehemu ambayo jambo hili linagusa uhai na kifo: saratani ya matiti.

Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika kwamba aliwaondolea ovari wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kuenea, na uvimbe ukanywea. Habari hiyo iliwapa watu matumaini makubwa. Lakini madaktari walipoifuata njia yake waligundua kwamba ni kama mgonjwa mmoja kati ya watatu aliyepata nafuu. Wengine wawili walipasuliwa bure, wakapoteza ovari na wasipate chochote. Ilikuwa hivyo kwa miongo mingi, kwa sababu hakuna aliyejua kuchagua. Kupima homoni kwenye damu hakukusaidia kuwatenganisha. Kilichosaidia ni kazi ya Jensen. Yeye na wenzake walionyesha kwamba uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni kwa wingi ndio unaoelekea kunywea estrojeni ikiondolewa, na usio navyo hauelekei. Fikiria maana yake, msikilizaji. Wanawake wawili wanaweza kuwa na umri mmoja, kiwango kimoja cha homoni, na uvimbe wenye ukubwa mmoja. Mmoja uvimbe wake unaisikiliza estrojeni na kukua kwa amri yake. Wa pili uvimbe wake ni kiziwi kwa estrojeni, unakua kwa amri nyingine. Kuwapa dawa moja ni kumtibu mmoja na kumpotezea muda mwingine.

Dawa mashuhuri ya kuziba sikio la estrojeni ni tamoksifeni. Ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza ya ICI mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mkemia aliyeiunda ni mwanamke, Dora Richardson. Walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba, na kwa kazi hiyo ikashindwa. Mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza kutibu saratani ya matiti, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kidonge, humezwa kila siku, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi. Kwenye titi, tamoksifeni hukaa juu ya kipokezi cha estrojeni na kukizuia kufanya kazi. Lakini kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba, dawa hiyohiyo, ikishika kipokezi kilekile, hufanya kazi kama estrojeni: huuchochea. Ndiyo maana mwanamke aliyekoma hedhi na anayetumia tamoksifeni huambiwa asipuuze hata tone moja la damu ukeni, kwani uwezekano wa saratani ya ukuta ule huongezeka kidogo. Breki kwa titi, mafuta kwa mji wa mimba. Inawezekanaje? Unakumbuka wale wasaidizi, wachochezi na wazuiaji? Kwenye seli za titi, kipokezi kilichoshikwa na tamoksifeni huwaita wazuiaji. Kwenye ukuta wa mji wa mimba, ambako aina fulani ya wachochezi ni wengi, huwaita wachochezi. Narudia: homoni, au dawa inayojifanya homoni, husema, na tishu ndiyo inayoamua.

Najua mpaka hapa kuna wasiokubaliana nami, na wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza anasema: kama ni hivyo, kipimo cha homoni kwenye damu hakina maana, mbona madaktari wanakiandika? Hapana, kina maana. Bila mawimbi redio nayo haina cha kunasa. Mwanamke ambaye ovari zake zimeacha kazi mapema ana upungufu wa kweli, na kipimo kitauonyesha. Kipimo cha ujauzito ni kipimo cha homoni, na hakuna anayebisha manufaa yake. Ninachopinga ni kuifanya namba ya kwenye karatasi kuwa hukumu. Namba ya estrojeni ya siku ya tatu ya mzunguko na ya siku ya kumi na mbili zinatofautiana sana kwa mwanamke mzima kabisa. Na ule uvimbe wa misuli ya mji wa mimba, faibroidi, ambao unawasumbua wanawake wengi wa Kiafrika, unaweza kukua kwa mwanamke ambaye homoni zake za damu ni za kawaida tupu. Seli za uvimbe huo hubeba vipokezi vya estrojeni na projesteroni kwa wingi kuliko msuli mzima ulio pembeni yake. Sauti ya kawaida, kwenye sikio lililozidi ukali, ni kelele. Hedhi inapokoma na sauti kufifia, uvimbe huo kwa kawaida hunywea.

Wa pili anasema: dawa za mimea za kusawazisha homoni ni za asili, haziwezi kudhuru, na babu zetu walizitumia. Sibezi mimea, dawa nyingi za hospitali zilianzia humo. Soya, kwa mfano, ina viini vinavyofanana na estrojeni kiasi cha kushikwa na vipokezi vyake, na vinashikwa zaidi na aina ya pili ya kipokezi, iliyogunduliwa Sweden mwaka 1996, kuliko ile ya kwanza. Lakini hapo ndipo ninapomuuliza muuzaji. Ukisema unga huu unasawazisha homoni, unasawazisha katika tishu ipi? Titi, mji wa mimba, mfupa, ubongo? Tumeona dawa iliyochunguzwa kwa miaka mingi ikizuia hapa na kuchochea pale. Kama kopo lako kweli lina kitu kinachoshikwa na vipokezi, basi lina nguvu ya kudhuru pia, na uniambie wapi. Na kama halina, unauza nini? Kuwa cha asili hakujibu swali hilo. Estrojeni yenyewe ni ya asili, na ndiyo inayolisha uvimbe.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Anasema: maneno yako ni ya hospitali za matajiri, huku kwetu mgonjwa anauza mbuzi ili apate nauli ya kufika rufaa, unamwambia habari za vipokezi? Ndugu yangu, nakuelewa, na bado nasema hoja hii inamfaa maskini kuliko tajiri. Mwenye fedha akikosea dawa ya kwanza atanunua ya pili. Asiye nazo ana nafasi moja. Kujua mapema kwamba uvimbe wake una kipokezi cha estrojeni ni kumwelekeza kwenye kidonge cha bei nafuu kinachomezwa nyumbani. Kujua kwamba hauna ni kumwepusha na miaka ya kidonge kisichomsaidia. Tena sehemu kubwa ya kazi hii inaanza na kichupa.

Tukitazame hicho kichupa kwa karibu. Mwanamke amekatwa kinyama kutoka kwenye uvimbe wa titi. Kipande chenyewe ni chembamba kama uzi, kirefu kama ukucha. Tangu dakika kile kinyama kinapotoka mwilini, protini zake huanza kuoza, na vipokezi ni protini. Kikitiwa mara moja kwenye dawa ya kukihifadhi, yaani formalini, kwa kiasi cha kutosha na kukaa humo muda unaotakiwa, usiopungua saa 6 na usiozidi siku 3, vipokezi hubaki mahali pake. Maabara itakigandisha kwenye nta, itakikata tabaka jembamba mno, itakipaka dawa inayotambua kipokezi, na mtaalamu akitazama kwenye hadubini ataona viini vya seli vimegeuka rangi ya kahawia. Hata vikiwa vichache, asilimia 1 tu ya viini vya uvimbe, uvimbe huo huhesabiwa kuwa na kipokezi. Sasa mwache muuguzi akiweke kinyama juu ya meza kikisubiri formalini iliyoisha, au akitie kwenye maji ya chumvi mpaka basi la kesho liondoke. Kitafika maabara kikiwa kimekwisha kuharibika, rangi ya kahawia haitatokea, na karatasi itaandikwa hasi. Yule mama atanyimwa kidonge kilichokuwa chake. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti nyingi za saratani ya matiti barani Afrika, ukaonyesha kwamba sampuli zilizopangwa kukusanywa na kupimwa kwa utaratibu zilikutwa na vipokezi vya estrojeni mara nyingi zaidi kuliko vipande vya zamani vilivyotolewa makabatini. Kwa hiyo kabla hatujasema uvimbe wa wanawake wetu ni kiziwi kwa homoni, tujiulize kama si sisi tuliouziba masikio ndani ya kichupa.

Naomba niweke na mpaka, hoja yangu isije ikavutwa kupita uwezo wake. Si kila ugonjwa wa viungo vya uzazi ni habari ya homoni na masikio yake. Saratani ya mlango wa kizazi, inayojaza wodi zetu, chanzo chake ni kirusi cha HPV, na kinga yake ni chanjo kwa mabinti na uchunguzi kwa kina mama. Hata kwenye titi, kuna uvimbe unaoongozwa na protini nyingine iitwayo HER2, ambayo hukaa kwenye utando wa nje wa seli na ina dawa zake. Ndiyo maana karatasi ya majibu ya kinyama cha titi huwa na vifupisho vitatu vya kutafuta: ER kwa estrojeni, PR kwa projesteroni, na HER2. Mbele ya kila kimoja huandikwa kama kipokezi hicho kipo au hakipo.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukitoka hapa ubaki na mambo mawili. Kama wewe au ndugu yako amekatwa kinyama cha titi, muulize daktari kwa adabu: vipimo vya vipokezi vimefanyika, na majibu yanasemaje? Na kama wewe ndiwe muuguzi unayekipokea kinyama hicho, angalia formalini ipo kabla kisu hakijashika kazi, na uandike saa kwenye kichupa. La pili ni kwa sisi sote. Siku utakapoambiwa dukani, kwenye simu, au hata kliniki, kwamba tatizo lako ni homoni tu, usibishe, wala usifungue pochi. Uliza kwanza: homoni ipi, na inasikika wapi?